Darubini ya milimita 70 juu ya paa la Ngamiani: Suheli imebaki nukta, na bado nasema nunua

Boksi limeandikwa 525X, yaani inakuza mara 525, kwa tarakimu nyekundu, kubwa kuliko jina la kampuni, na pembeni kuna picha ya Zohali na pete zake imejaa kona hadi kona. Nianzie hapo, maana ndilo swali ninaloulizwa kila nikitupia picha ya mashine hii kwenye grupu: "Fundi, inavuta kiasi gani?"

Inavuta. Lakini ukitoa hela yako kwa ajili ya hiyo 525, umepigwa. Nitaeleza kwa kutumia nyota moja tu, Suheli, ambayo vitabu vya Ulaya vinaiita Canopus, kwa sababu ndiyo niliyoipimia darubini hii msimu wa kaskazi. Mwezi unamfurahisha kila mtu hata kwa kioo kibovu. Nyota haina huruma hiyo: kasoro ya lenzi inaonekana, ya stendi inaonekana, na ya mnunuzi pia.

Mimi ni fundi wa majokofu na AC hapa Tanga, karakana iko Ngamiani. Kazi yangu ni gesi, presha na joto, na nyota ukiichambua nayo ni hayo hayo. Kwa hiyo msinishangae nikichanganya mambo.

Nilichonunua ni darubini ya lenzi, ile ya bomba refu, si ya kioo cha kuakisi. Lenzi ya mbele ina upana wa milimita 70, urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi mahali mwanga unapokutana, ni milimita 700. Ndani ya boksi kuna bomba lenyewe, stendi ya miguu mitatu ya alumini, lenzi tatu za jicho (milimita 25, 10 na 4), kibomba cha kuzidisha mara tatu, kidarubini cha kulengea, kioo cha pembe cha kukuokoa shingo, na kichujio cha Jua ambacho nitakirudia kwa hasira. Bei laki mbili kasoro, Kariakoo, ikaletwa Tanga kwa basi. Duka silitaji kwa sababu nina malalamiko nalo. Chapa nayo naiacha. Darubini za vipimo hivi zinauzwa kwa majina mengi, kwa hiyo nyinyi angalieni namba, stika isiwashughulishe.

Hesabu ya 525 ni rahisi. Unagawa urefu wa fokasi kwa lenzi ya jicho: 700 kwa 25 unapata 28, kwa 10 unapata 70, kwa 4 unapata 175. Hiyo 175 izidishe mara tatu kwa kile kibomba, umeipata 525 yao. Hesabu hawajadanganya. Walichonyamazia ni kwamba lenzi ya milimita 70 ina kikomo, na kanuni ya watazama nyota ni mara mbili ya milimita za lenzi, yaani 140. Ukipita hapo unakuza ukungu tu. Lenzi ya milimita 4 na kibomba cha mara tatu nimevitia kwenye kopo la skrubu, vimetulia huko. Kazi yote naifanya kwa 28 na 70.

Stendi ni janga. Miguu ni alumini nyembamba, ukigusa kitufe cha fokasi nyota inacheza mpaka unakata tamaa ya kujua kama umeifokasi au la. Kichwa chake kilikuja na grisi nzito inayonata: unasukuma bomba linagoma, unaongeza nguvu kidogo linaruka na kuipita nyota. Nilikifungua kichwa chote, nikakisafisha kwa petroli, nikaweka grisi nyepesi ya beringi. Kisha nikachukua kompresa iliyokufa ya jokofu, nikaifunga kwa waya chini ya kitrei cha katikati ining'inie bila kugusa sakafu. Uzito ule umeituliza stendi kuliko nilivyotegemea. Asiye na kompresa afunge ndoo ya mchanga. Ila nauliza: kwa nini mnunuzi amalizie kazi ya kiwanda?

Kidarubini cha kulengea ni kigumu pia. Ni kile cha kukuza mara 5, lenzi yake ina giza, na zile skrubu tatu za kukirekebisha zinalegea zenyewe. Mchana nikakilinganisha na bomba kubwa kwa kulenga mnara wa simu wa mbali, usiku nikakuta kimehama. Nikaweka mipira ya oringi chini ya skrubu, sasa kinakaa. Na kama mnadhani ni sisi tu tunaokosea kulenga, someni habari za Mariner 4, chombo cha Marekani kilichorushwa Novemba 1964 kwenda Mirihi. Ili kijue kimeelekea wapi, kilitakiwa kushika Jua upande mmoja na Suheli upande mwingine. Jicho lake la kutafutia nyota likashika nyota nyingine kwanza, likaipoteza tena, na wahandisi wakahangaika nalo kwa amri za redio kutoka duniani mpaka likaipata Suheli yenyewe. Julai 1965 kikapiga picha za kwanza za karibu za Mirihi. Walichagua Suheli kwa sababu inang'aa sana na imekaa mbali na njia ya Jua, kwa hiyo haifichwi na mwanga wake.

Kwa sisi wa pwani Suheli haihitaji amri za redio. Katikati ya Februari, saa tatu usiku, elekea kusini. Inakuwa imefika juu kabisa ya njia yake, nyuzi 42 hivi kutoka upeo wa macho kwa hapa Tanga. Juu zaidi, karibu na utosi, utaona nyota nyeupe inayong'aa kuizidi: hiyo ni Sirius, Shira ya Waarabu. Katika anga lote la usiku Sirius ni ya kwanza kwa mng'ao, Suheli ya pili. Mtu anayeishi London haioni kabisa akiwa kwake, maana kule haichomozi hata siku moja. Nawashauri mpakue Stellarium, programu ya ramani ya anga, ni ya bure, na ukigusa nyota inakupa umbali wake na aina yake hapo hapo.

Wa kwanza kupanda darini alikuwa jirani yangu wa chini, mzee aliyefanya kazi Muscat miaka mingi.

"Shikamoo mzee, karibu. Weka jicho hapa, ila usishike bomba."

"Marahaba. Hii ndiyo Suheli?"

"Ndiyo yenyewe."

Akanyamaza, akabadilisha jicho, akavua miwani, akairudisha. "Mbona imebaki nukta?"

"Itabaki nukta hata ukinunua ya milioni mbili, mzee."

"Basi umeibiwa, mwanangu. Nukta naiona nikiwa barazani, bure."

Na Suheli yeye anaijua kwa njia yake. Kule Ghuba, mwishoni mwa Agosti ikianza kuonekana alfajiri, watu wanajua makali ya joto yanaanza kukatika. Aliniambia wenzake kazini walikuwa wanaisubiri kwa kuhesabu siku. Lakini swali lake linastahili jibu, kwa sababu ndilo litakaloulizwa na kila mgeni utakayempandisha darini kwako.

Suheli ni kubwa kupita kiasi. Upana wake ni zaidi ya mara 70 ya Jua. Ingewekwa mahali pa Jua letu, uso wake ungefika karibu na njia ya Utaridi, na pale Utaridi inapolisogelea Jua zaidi ingemezwa. Lakini iko umbali wa miaka ya nuru 310 hivi, yaani mwanga wake unasafiri miaka 310 kutufikia. Umbali huo ulipatikana vizuri kwa setilaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos, iliyofanya kazi kati ya 1989 na 1993. Kabla yake makadirio yalikuwa yanapishana vibaya. Kwa umbali ule, upana wa Suheli angani ni kama sehemu 7 kati ya 1,000 za sekunde moja ya pembe, na sekunde ya pembe ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Lenzi ya milimita 70, hata ikiwa safi kabisa, haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko sekunde 1.7 hivi. Kwa hiyo Suheli ni ndogo kuliko uwezo wa mashine yangu kwa zaidi ya mara 200. Waliopima upana wake waliunganisha mwanga wa darubini kadhaa kwa pamoja kule Paranal, Chile, kwenye mtambo wa VLTI. Boksi la Kariakoo lenye picha ya Zohali halihusiki hapo.

Unalipia nini basi? Mwanga. Mboni ya kijana gizani inafunguka milimita 7 hivi. Lenzi ya 70 ina eneo mara 100 ya hapo. Huo mwanga wote unaingia kwenye jicho lako, na ukiwa mwingi kiasi hicho, rangi inatoka. Kwa macho matupu Suheli ni nyeupe tu. Kwenye lenzi ya milimita 25 ni nyeupe yenye unjano wa mbali sana, mtulivu, tofauti kabisa na weupe wa Sirius unaouma macho kwa ubuluu. Mzee mwenyewe, nilipomhamishia Sirius kisha nikarudi Suheli, alisema hii imepoa. Bila kujua alikuwa ametaja joto la uso: Suheli ina kama nyuzi 7,400 za Kelvini, Sirius inakaribia 10,000, Jua letu ni kama 5,800.

Ujanja wa kuona rangi ni kuitoa nyota kwenye fokasi kidogo. Ikiwa nukta kali inachoma jicho na rangi inapotea. Ikitanuka kuwa kisahani, rangi inakaa vizuri.

Hapo kwenye kutoa fokasi ndipo nilipoikamata kasoro kubwa ya darubini yangu, na naomba kila mnunuzi afanye kipimo hiki kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Weka lenzi ya milimita 10. Ifokasi Suheli mpaka iwe nukta kali. Sasa zungusha kitufe polepole. Nukta inafunguka kuwa kisahani chenye duara ndani ya duara, nyembamba, za mwanga na giza. Kama duara zote zina kituo kimoja, lenzi imekaa sawa. Kama zimesongamana upande mmoja, lenzi imeinama ndani ya bomba. Kama kisahani ni cha umbo la yai, na yai linageuka mwelekeo ukipita upande wa pili wa fokasi, kioo chenyewe kina hitilafu, rudisha, usibishane.

Zangu zilisongamana kulia. Nikapiga simu dukani. Jamaa akaniambia, "Bosi, nyota ndizo zilivyo." Nikamwambia nimeziangalia nyingi, haiwezekani zote zimeinamia kulia. Akakata. Basi nikafungua mwenyewe kofia ya mbele, nikakuta pete inayobana lenzi imepanda uzi vibaya, imekaza upande mmoja na mwingine una nafasi. Nikailegeza, nikaianza upya kwa vidole bila kugusa kioo, nikaikaza mpaka lenzi isicheze, si zaidi. Usiku ule duara zilikaa katikati. Kwa fundi ni dakika chache. Kwa mwalimu au mwanafunzi aliyejichanga, hiyo darubini ingeishia juu ya kabati akidhani ndivyo nyota zilivyo.

Kasoro ya pili haina dawa: kwenye ukuzaji wa 70, Suheli inavaa ukingo wa zambarau. Lenzi za bei hii hazikusanyi rangi zote mahali pamoja, na nyota inayong'aa hivi inaanika aibu hiyo. Nimeizoea. Ukitazama nyota hafifu huioni.

Sasa nikae kidogo kwenye Suheli yenyewe, kwa sababu bila kujua unatazama nini, mzee yuko sahihi, nukta ni nukta.

Mwanga inaoutoa ni zaidi ya mara 10,000 ya Jua. Sirius inaipita kwa mng'ao kwa sababu iko jirani tu, miaka ya nuru 8.6, nguvu yake halisi ni kama mara 25 ya Jua. Uzito wa Suheli unakadiriwa kati ya mara 8 na 10 ya Jua. Chukua uzito huo ugawe kwa ujazo wa kitu chenye upana mara 70 na zaidi ya Jua. Nilifanya hesabu hiyo nyuma ya risiti ya gesi, nikarudia nikidhani nimekosea: kwa wastani, gesi ya nyota ile ni nyepesi kuliko hewa tunayovuta, zaidi ya mara 30. Wastani, lakini. Kiini chake kimebanwa vibaya sana, na tabaka za nje ndizo zimeachiwa zikatandaa.

Kwa nini? Nyota yoyote inaishi kwa kushindana: uzito wake unaibana kuelekea ndani, presha ya gesi yenye moto inasukuma nje. Suheli ilianza maisha ikiwa ya buluu, ndogo kuliko sasa na yenye uso wa moto zaidi, ikigeuza hidrojeni kuwa heli kwenye kiini. Jua lina akiba ya kazi hiyo kwa miaka bilioni 10 hivi. Nyota nzito ina akiba kubwa zaidi lakini inaitumia kwa fujo. Yenye uzito wa Suheli inaimaliza kwa makumi ya mamilioni ya miaka tu. Mababu wa dinosaria hawakuiona, na dinosaria wenyewe hawakuiona pia, walikuwa wameshakwisha.

Hidrojeni ya kiini ilipokwisha, kiini kikabanwa na uzito ulio juu yake. Fundi yeyote wa AC anajua gesi ukiibana inapanda joto, ndiyo kazi ya kompresa. Msiende mbali sana na mfano huu, kwenye jokofu hakuna kinachoungana kuwa kitu kingine. Kiini kilipopata moto zaidi, hidrojeni iliyobaki kwenye ganda linalokizunguka ikashika kwa nguvu mpya, tabaka za nje zikasukumwa mbali, uso ukapanuka, joto likagawanyika kwenye eneo kubwa mno, ukapoa na kuwa mwekundu. Hilo ndilo jitu jekundu.

Kiini kinaendelea kubanwa mpaka kinafika digrii milioni 100 hivi, na hapo heli nayo inaanza kuungana kuwa kaboni na oksijeni. Nyota nyingi za uzito huu zikifika hatua hiyo zinasinyaa kidogo, uso unapata joto tena, zinatoka kwenye wekundu na kurudi kuelekea weupe na ubuluu, zinakaa huko kwa muda, kisha zinarudi tena kwenye wekundu. Inaelekea Suheli iko kwenye mzunguko huo: imeshawahi kuwa nyekundu, sasa ni jitu jeupe, na wekundu unaisubiri tena. Njia nyingine ya kuielezea ni kwamba ndiyo kwanza inatoka kwenye ubuluu ikielekea wekundu mara ya kwanza, lakini safari hiyo ni fupi sana katika maisha ya nyota, na kuikuta katikati yake ingekuwa bahati kubwa.

Mwisho wake uko mpakani. Nyota nyepesi kidogo kuliko mpaka huo hupeperusha tabaka zake na kuacha kibete cheupe, yaani kiini kidogo kinachopoa polepole. Nzito kidogo zaidi, kiini kinaporomoka na nyota inalipuka kuwa supanova. Suheli imekaa karibu na mstari wenyewe. Kama italipuka, umbali wa miaka ya nuru 310 unatosha tusidhurike, ila ingeonekana mchana kweupe.

Hayo yote huyaoni kwa lenzi ya milimita 70, wala kwa lenzi yoyote, kwa sababu yanachukua muda mrefu kuliko historia ya binadamu. Unachoweza ni kutazama nyota zilizo hatua tofauti, usiku mmoja, kutoka paa moja, na hapa ndipo mashine hii ilinifurahisha kweli. Februari kundi la Orion liko juu. Nenda kwanza Rigel, buluu, uso wa nyuzi kama 12,000. Kisha shuka Suheli, nyeupe. Kisha panda Betelgeuse, rangi ya kaa la moto, nyuzi kama 3,500. Betelgeuse ni nzito kuliko Suheli, lakini ule wekundu wake ni picha ya mahali ambapo Suheli inarudi. Zitoe zote kwenye fokasi kidogo, tumia lenzi ya milimita 25, na uzitazame kwa kupokezana. Watoto wa karakana, ambao Mwezi waliuchoka haraka, walikaa kwenye zoezi hili mpaka wakaanza kubishana ipi ni ya moto zaidi. Mmoja aling'ang'ania nyekundu ndiyo yenye moto. Nikamuuliza moto wa kuchomelea wa gesi ukiwa mkali una rangi gani, akanyamaza.

Na mwanga wanaouona wa Suheli uliondoka huko mwanzoni mwa karne ya 18. Waomani walikuwa wameshaitwaa Fort Jesus ya Mombasa kwa Wareno mwaka 1698. Mzee alilipenda hilo kuliko nukta yenyewe; amelisimulia msikitini.

Vitu vingine kwa haraka. Mwezi ni mzuri sana, mashimo yanaonekana na vivuli vyake. Mshtarii inaonyesha miezi yake minne mikubwa kwa 28 tu. Zohali ina pete kwa 70, ndogo lakini ni pete, usitegemee ile picha ya boksi. Nebula ya Orion ni ukungu wa kijivu, hauna rangi za mtandaoni. Galaksi hafifu, kwa taa za mjini, sahau.

Kichujio cha Jua. Ni kile kidogo cha giza kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho. Msikitumie. Kikikaa pale, lenzi ya mbele inakusanya joto lote la Jua na kulielekeza juu ya kikioo kidogo. Kikipasuka, jicho lako ndilo linalofuata, na halirudi. Kichujio salama kinafunika lenzi kubwa ya mbele, kabla mwanga haujaingia ndani. Changu nimekivunja kwa nyundo ili mtoto asije akakipata. Kuuza kitu kile kwenye boksi lenye picha ya mtoto anayetabasamu, naona ni kosa kubwa kuliko ile 525.

Tahadhari ya sisi wa pwani: unyevu na chumvi. Ukiingiza bomba ndani usiku bila kufunika, asubuhi lenzi ina ukungu, na kuvu wakishaanza kwenye kioo hawatoki. Mimi nahifadhi kwenye begi lenye silika jeli, hizo punje za kunyonya unyevu. Usifute lenzi kwa kanga wala kwa shati.

Je, ningeshauri bainokula ya 10x50 badala yake? Kwa anayetaka kuzunguka anga na kuona makundi ya nyota, ndiyo, inakuja tayari na haihitaji kompresa. Kwa anayetaka rangi za nyota, pete na miezi, darubini hii inashinda, akiwa tayari kushika bisibisi. Lenzi naipa 7 kati ya 10 baada ya kuikaza, stendi 3, kidarubini cha kulengea 4, boksi na maneno yake sifuri. Kwa bei ile, nunua.

Ukifika dukani, usilipe kabla hujafanya haya: toa bomba, tazama lenzi ya mbele kwa taa ya simu ukitafuta mikwaruzo na nyuzinyuzi za kuvu, litikise taratibu, kama kuna kitu kinagonga, acha, weka lenzi ya milimita 25 na ulenge bango la mbali mtaani, herufi ziwe kali katikati, zungusha kitufe cha fokasi mwanzo hadi mwisho, kisikwame. Kisha mwambie akutolee kibomba cha mara tatu na lenzi ya milimita 4 apunguze bei. Atakataa kupunguza, atasema bila hivyo haifiki 525. Wewe shikilia hapo hapo. Mimi nilipata punguzo la elfu kumi na tano, na bado akanirudishia vyote viwili kwenye boksi.